Ndoa ya Philippe na Ingeborg: tuhesabu vizazi, tuache uvumi wa chumbani

Mabibi na mabwana, ahsanteni kwa kufika. Kila anapotajwa Philippe wa Pili wa Ufaransa, yule aliyeitwa Auguste, swali la kwanza huwa ni hilohilo: usiku wa tarehe 14 Agosti 1193, kule Amiens, kulitokea nini chumbani? Jioni kafunga ndoa na Ingeborg, binti wa mfalme wa Denmark. Kesho yake, bibi akitawazwa kanisani, bwana amepauka na hataki hata kumtazama. Wapo waliosema ni uchawi, wapo waliosema ni maradhi. Yote ni kubahatisha, na mwenye kubahatisha hachoki. Naomba leo tuliache. La kuchunguza ni lile lililofanyika hadharani, mbele ya maaskofu, siku 83 baadaye. Hilo lina hesabu, na hesabu inakaguliwa.

Kwanza tusiite talaka. Kanisa la Roma halikuwa na talaka. Mfalme aliyetaka kuachana na mkewe alikuwa na njia moja ya kuaminika: kuthibitisha kwamba ndoa haikuwa ndoa tangu siku ya kwanza. Na sababu iliyokuwa karibu kuliko zote ni undugu.

Sheria ya wakati ule ilikataza ndoa mpaka daraja la 7. Unamtafuta babu mnayechangia, unashuka kizazi kimoja kimoja: mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe, unaendelea hadi cha saba. Sasa fikirini. Ukipanda vizazi 7 una wazee 128. Nani katika koo za watawala wa Ulaya, wanaooana wao kwa wao miaka nenda miaka rudi, angekosa kuchangia hata mmoja kati ya hao? Sheria pana namna hiyo haikuzuia ndoa. Ilimwachia kila mwenye nguvu mlango wa nyuma.

Philippe alizaliwa kwa sababu ya mlango huo. Baba yake, Louis wa Saba, alitenganishwa na Aliénor wa Aquitaine mwaka 1152 huko Beaugency, baada ya miaka 15 na binti wawili. Sababu iliyotajwa ni Mfalme Robert wa Pili: Louis alikuwa kilembwe wake, Aliénor kilembwekeze. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa. Lakini ilikuwa sahihi vilevile siku walipooana mwaka 1137! Na Aliénor, wiki 8 baadaye, akaolewa na Henry Plantagenet ambaye naye ni ndugu yake, na hakuna aliyewatenganisha. Louis akamwoa Constance wa Castile, akapata binti wengine wawili, Constance akafariki kwa uzazi mwaka 1160. Zikapita wiki 5 tu akamwoa Adèle wa Champagne. Tarehe 21 Agosti 1165 ndipo akazaliwa mvulana, Philippe. Mtoto aliyesubiriwa miaka 28 anakua akijua ndoa ya mfalme ni kitu cha namna gani.

Turudi kwa Ingeborg, maana hapa ndipo ninapotaka tukae.

Novemba 1193, Compiègne. Baraza linaongozwa na askofu mkuu wa Reims, Guillaume, ambaye ni mjomba wake mfalme, ndugu wa Adèle. Mtuhumiwa hajui Kifaransa. Hoja haikuwa kwamba Ingeborg ni ndugu wa Philippe. Ilikuwa kwamba ni ndugu wa marehemu mke wa kwanza, Isabelle wa Hainaut, aliyefariki 1190, na undugu na mke ulihesabiwa kama undugu na mume. Kiungo kilichotajwa ni Charles, aliyekuwa mtawala wa jimbo la Flanders.

Shikeni majina, ni machache. Robert wa Flanders alikuwa na mabinti, wakiwamo Gertrude na Adèle. Gertrude akamzaa Thierry, Thierry akamzaa Marguerite, Marguerite akamzaa Isabelle. Upande wa Denmark, Mfalme Svend alikuwa na wana, wakiwamo Knud na Erik. Erik akamzaa Knud Lavard, huyo akamzaa Valdemar, Valdemar akamzaa Ingeborg. Sasa Adèle wa Flanders aliolewa na Knud wa Denmark, wakamzaa Charles. Basi Charles ni mjukuu wa Robert na ni mjukuu wa Svend. Ni ndugu wa Isabelle, ni ndugu wa Ingeborg. Je, hilo linawafanya Isabelle na Ingeborg kuwa ndugu?

Hata kidogo! Shangazi yako akiolewa na ami yangu, mtoto wao ni binamu yangu na ni binamu yako. Wewe na mimi damu yetu haijakutana popote. Hili analijua mtoto wa shule ya msingi, na maaskofu walilijua pia. Hata hivyo walikula kiapo kwamba undugu upo, ndoa ikabatilishwa.

Ingeborg alipotafsiriwa hukumu alilia maneno machache ya Kilatini: "Mala Francia! Roma! Roma!" Ufaransa mbaya, Roma. Maneno hayo ni kilio, na ni rufaa halali. Wadenmark wakapeleka nasaba iliyoandikwa sawasawa, iliyoandaliwa na abati, yaani mkuu wa monasteri, Guillaume wa Æbelholt, na mwaka 1195 Papa Celestine wa Tatu akaifuta hukumu ya Compiègne.

Mtu ataniuliza: mfalme tayari alikuwa na mrithi, haraka ya nini kuoa tena? Mrithi alikuwa mmoja, Louis, hajatimiza miaka 6 wakati wa harusi ya Amiens, na mwaka 1191 alikuwa ameugua kuhara damu hadi watu wakamwombea wakitembea mitaani Paris. Mtoto mmoja dhaifu hakutosha. Ndiyo maana mwaka 1196 Philippe alimwoa Agnès wa Merania licha ya katazo la Papa, wakapata Marie na Philippe Hurepel.

Papa mpya, Innocent wa Tatu, alifunga ibada katika milki ya mfalme kuanzia Januari 1200 hadi Septemba. Hakuna misa, hakuna maziko ya kanisa. Vilivyoruhusiwa ni ubatizo wa watoto na kitubio cha wanaokufa tu. Mrithi Louis alipomwoa Blanche wa Castile Mei mwaka huo, harusi ilibidi ifungwe Port-Mort, nje ya milki ya mfalme, kwenye ardhi ya Normandy.

Muda umenibana, kwa hiyo nakwenda mbio. Mwaka 1201 kesi ikasikilizwa tena Soissons. Philippe akamchukua Ingeborg ghafla kabla ya hukumu, akamfungia Étampes. Agnès akafariki Julai, na Innocent akawahalalisha watoto wake. Ingeborg aliandika Roma kwamba hana chakula kizuri wala tabibu. Mume akajaribu hoja ya uchawi, kisha ya kumtaka awe mtawa. Kila mara alikataa. Mwaka 1213 akarudishwa kwenye hadhi ya malkia. Miaka miwili baadaye Innocent huyohuyo, katika mtaguso wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa Kanisa, akapunguza daraja 7 zikawa 4.

Katika wosia wa 1222 Philippe alimwachia livre 10,000, fedha ya Ufaransa ya wakati ule. Alifariki Mantes tarehe 14 Julai 1223. Ingeborg aliishi zaidi ya miaka 10 baada yake, mjane wa mfalme, akila mapato ya Orléans aliyoandikiwa siku ya ndoa ile iliyosemwa haikuwapo.