Silia Hazina Msimamizi

Nimelisema hili kila nilipopewa kipaza sauti, na nitaendelea kulisema: silia, yaani vinyweleo vidogo sana vinavyotoka juu ya seli na kupiga kama makasia, hazisubiri amri ili zipige kwa mpangilio.

Muundo wake mnaujua: jozi tisa za mirija zikizunguka mirija miwili ya katikati, na protini ya dainini ikitumia ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, kutelezesha jozi moja kwenye nyingine mpaka silia ipinde. Sirudii huko. Mtazameni paramesiamu, kiumbe wa majini mwenye seli moja tu. Ana maelfu ya silia na hana neva hata moja, lakini mawimbi yanapita juu ya mwili wake kama upepo kwenye shamba la mpunga. Basi watu huanza kuutafuta huo upepo. Haupo! Kila silia hujipiga yenyewe, na maji inayoyasukuma humfikia jirani, yakamharakisha au yakamchelewesha kidogo.

Mwaka 2014 watafiti wa Cambridge walilipima hili waziwazi. Walichukua mwani wa Volvox, wakazitenganisha seli zake, wakashika mbili, kila moja kwenye ncha ya mrija wa kioo. Hazigusani. Katikati ni maji matupu. Zilipokuwa karibu, flajela zao, ambazo ni kama silia ndefu, zilipiga pamoja. Zilipotenganishwa mbali, kila moja ikafuata mwendo wake. Na walipoigeuza moja ielekee upande wa pili, zikapiga kwa kupishana! Nipeni msimamizi anayeweza kueleza hilo.

Najua kuna atakayeuliza: na Chlamydomonas, mwani wa seli moja, je? Flajela zake mbili zimeungwa kwenye mashina kwa nyuzi, na aina zilizokosa nyuzi hizo hupoteza mpangilio. Kweli kabisa, pale maji peke yake hayatoshi. Lakini uzi unaunga jirani na jirani, hautoi amri. Hoja yangu iko palepale.

Muda umenibana, na sijagusa mapafu, ambako silia hupandisha makohozi kuelekea kooni usiku na mchana. Niseme moja tu. Mwaka 1976 mtafiti Björn Afzelius alionyesha kwamba wapo watu ambao silia zao hazina mikono ya dainini, ile inayozipinda, hivyo hazipigi. Hukohoa tangu utotoni, na karibu nusu yao moyo uko kulia. Kwa nini nusu? Kwa sababu silia za kiinitete ndizo zinazosukuma majimaji kwenda kushoto, na zisipofanya kazi, upande wa moyo huamuliwa kwa bahati.

Haya, maswali.