Kabla hujasema hii DAC inapiga kuliko ile, shika tesita

Haya, mnanisikia huko nyuma? Shikamooni wakubwa, wadogo zangu mambo vipi. Nimeambiwa niongelee amplifaya za hedifoni na DAC, ipi inapiga vizuri kuliko ipi, na najua wengine mmekuja mnataka nitaje jina moja mkanunue mkalale. Nitataja, subirini.

Kwa asiyejua, DAC ni kile kidude kinachogeuza namba za faili lako ziwe umeme unaopanda na kushuka, halafu amplifaya ndo inaupa huo umeme nguvu ya kusukuma hedifoni. Simu yako ina vyote viwili ndani. Hilo limeisha.

Sa nianze na aibu yangu. Kuna kipindi nilinunua DAC ya mezani, hela ndefu, jina silitaji, nikachomeka nikaweka taarab nikamwita mke wangu, nikamwambia njoo usikie vidole vya mpiga kanuni, yaani siku zote nilikuwa nasikiliza kupitia blanketi! Na naapa nilisikia, sikujifanya. Wiki mbili baadaye akaja mdogo wangu, huyu ni fundi redio, akaniuliza kaka umepima? Nikamwambia nipime nini, masikio si ninayo. Akatoa tesita. Kumbe kidude kipya kinatoa volti 2.2 na kile cha zamani kinatoa 2.0, ndo blanketi lote hilo. Tofauti hiyo ni kama desibeli 0.8, desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti, na ubaya wa desibeli 0.8 ni kwamba huwezi kusema sauti imeongezeka, unasema imekuwa safi, imefunguka, ina nafasi. Tukasawazisha, nikafungwa kitambaa machoni, akawa anabadilisha kimyakimya mara 16 mi nakisia. Nilipatia 9. Ungerusha shilingi ungepata hizohizo.

Mke wangu mpaka leo akiniona na mzigo wa posta anauliza, hiyo ina volti ngapi.

Hili wala si jipya. Fletcher na Munson wa Bell Labs kule Marekani walishachora tangu 1933 jinsi sikio linavyosikia, kwamba sauti ikiwa chini besi inapotea kuliko vitu vya katikati, ukipandisha kidogo besi inarudi. Kwa hiyo kile chenye sauti kubwa zaidi kitaonekana kina mziki mnene hata kama ndani ni chipu ileile. Na ukilinganisha DAC yenye waya za XLR, zile za studio zenye pini tatu, zinazotoa volti 4 na nyingine ya RCA, zile za kawaida za redio za nyumbani, yenye volti 2, hapo umempa mmoja desibeli 6 za bure halafu unajiita hakimu.

Namna ya kufanya ni hii, na haihitaji maabara. Unapiga toni ya hertz 50, maana tesita za bei rahisi zimetengenezwa kusoma umeme wa ukutani na huo ni hertz 50, ukitumia toni ya juu nyingine zinadanganya. Hedifoni iwe imechomekwa wakati unapima, tumia kile kigawanyio cha jeki. Angalia tesita yako iwe na reinji ndogo ya AC, yaani ya umeme unaopanda na kushuka, volti 2 hivi, ile inayoanzia 200 haitakusaidia. Kisha cheza na volyumu mpaka tofauti iwe chini ya asilimia 1, hapo uko ndani ya desibeli 0.1. Halafu mtu mwingine abadilishe, wewe usione.

Mtasema masikio yangu ndo mabovu. Sawa. Mwaka 2007 Meyer na Moran walichapisha majaribio yao kwenye jarida la AES, chama cha wahandisi wa sauti, walipiga SACD na DVD-Audio, zile rekodi zenye ubora wa juu, mara zinapita moja kwa moja mara zinapitishwa kwenye kigeuzi cha kiwango cha CD, biti 16 na kilohertz 44.1. Majaribio 554, walipatia 276. Na hapo wengine walikuwa watu wa studio.

Ila msinielewe vibaya mkaenda kusema fundi kasema vyote sawa. DAC ya kisasa isiyo mbovu, ndiyo, nyingi sikio halizitofautishi. Amplifaya hapana, hapo kuna vitu vya kweli, na kikubwa ambacho watu hawakiangalii ni ukinzani wa tundu la kutolea sauti, yaani linavyozuia umeme kupita, unapimwa kwa omu. Chukua earphone ambazo ukinzani wake ni omu 8 sehemu moja ya sauti na omu 32 sehemu nyingine, zile zenye madereva mengi ndani, yaani vispika vidogovidogo, ndo huwa hivyo. Ukizichomeka kwenye amplifaya yenye omu 10, zile sehemu mbili zinaachana kwa desibeli karibu 4.7, hiyo ni sawa na mtu kaja kukushikia EQ, zile swichi za kupandisha na kushusha besi. Ukiweka amplifaya ya omu 1 haifiki hata desibeli moja. Kwa hiyo ukisikia amplifaya fulani "ina joto", muulize omu zake kwanza. Mafundi wengi wanashika kanuni ya moja ya nane, hedifoni ya omu 32 isipewe tundu linalozidi omu 4.

Jina mnalolisubiri, basi. Kale kaadapta ka Apple ka USB-C kenye tundu la hedifoni, DAC na amplifaya vimo ndani, dola 9. Kanatoa volti 1, ukinzani wake hauzidi omu 1, ukichomeka hedifoni ya Sennheiser HD 600 ya omu 300 unapata miliwati 3 na kitu, na hizo kwenye hedifoni ile ni kelele za kuumiza masikio. Ila ukiagiza kwa shangazi aliyeko Ujerumani jua toleo la Ulaya linatoa nusu ya volti, na kwenye simu nyingi za Android volyumu inabanwa, usije ukanitukana.

Naona mkono. Eeh dada, laptopu inanguruma ukichomeka chaja? Hiyo wala si DAC mbovu, mara nyingi ni ethi, umeme unazunguka kupitia waya wa USB. Chomoa chaja usikilize, ikinyamaza umempata mwizi. Vifaa vyote viweke eksitensheni moja yenye ethi ya kweli, maana zipo ambazo lile tundu la tatu ni pambo.

Nyingine mtaniuliza mkiwa mezani. Vidude viwili viko chini ya kile kitenge, volti nimesawazisha asubuhi, kitambaa cha macho hicho hapo. Nani anaanza?