Pesa au Roho: Mhadhara Kuhusu Kimya

Kitendawili!

[Ukumbi: Tega!]

[Kimya.]

Mnajiona mlivyokaa? Shingo mbele, na yule pale nyuma ameshaanza kutafuta jibu la fumbo ambalo sijalitega. Kimya hichohicho kingetangulia kabla ya neno “kitendawili”, mngenong’onezana kwamba mzee kasahau alichoitiwa.

Ndiyo maana nasema kimya peke yake ni kitupu. Anayekijaza ni msikilizaji, kwa yale anayoyajua tayari.

Twendeni Marekani, redioni, tarehe 28 Machi 1948. Mchekeshaji Jack Benny amejijengea kwa miaka mingi sifa ya bahili asiye na mfano. Katika kipindi cha siku hiyo anatembea usiku, jambazi anamkaba: “Pesa zako au roho yako!” Benny, kimya. Watu wanaanza kucheka. Jambazi anahamaki, anarudia. Ndipo Benny anapofoka: “Nafikiria!”

Hiyo ni redio, ndugu zangu! Hakuna uso wa kutazama wala jicho la kukonyeza, na fundi mitambo akisikia kimya hushtuka. Lakini watu walicheka kabla hajafungua kinywa, kwani walimjua: huyu bwana anapima kweli, shilingi huku, uhai kule. Mchekeshaji mgeni angenyamaza vilevile, wangedhani redio imekufa.

Wachekeshaji wetu vijana wengi wanakiogopa kimya. Wakishatoa neno la kuchekesha wanaliziba kwa “yaani… yaani…”, au wanacheka wao kwanza. Hawatuachii nafasi.

Pwani yetu ina kimya kizito kuliko hicho, wala hakichekeshi. Mwari anaulizwa na walii wake kama ameridhia kuolewa. Akinyamaza, kwa mujibu wa hadithi ya Mtume, kunyamaza kwake ndiyo idhini yake. Inaeleweka, maana wote chumbani wanajua kwamba haya humfunga mwari ulimi. Ila mimi hapo huingiwa na wasiwasi. Kimya cha haya na kimya cha hofu, sikioni ni kimoja. Anayeuliza akiwa ameshapokea posa na ameshapanga tarehe, atasikia anachotaka kusikia. Basi amtazame binti usoni, na akiona chozi, aulize upya.

Tumalizie. Kitendawili changu kimewashinda?

[Ukumbi: Hujakitega!]

[Kimya.]

Nipeni mji.