Kabla ya Kusema "Ni Mitokondria": Panya na Mionzi

Ndugu zangu, nianze na kadi ya kizimba cha panya. Mwanafunzi wangu alikuja mbio, uso umemng'aa. Alikuwa amezalisha panya wa maabara wa koo mbili, weusi wa ukoo wa C57BL/6 na weupe wa ukoo wa BALB/c, mara jike akiwa mweupe, mara mweusi, kisha akawapiga watoto mionzi. Waliozaliwa na mama mweupe walitangulia kufa. "Mwalimu, ni mitokondria!" Maana mitokondria, vile vijumba vya nishati ndani ya seli vyenye DNA yake vyenyewe, hurithiwa kuukeni, yaani kwa mama.

Nikaomba kadi. Tarehe ya kuzaliwa ipo. Rangi ipo. Walinyonya kwa nani? Hakuna neno. Kila mtoto alilelewa na aliyemzaa: tumbo lake, maziwa yake, bakteria wa utumbo wake. Na bakteria hao pekee hubadilisha jinsi panya anavyostahimili mionzi. Mama hatoi mitokondria tu!

Kuna kubwa zaidi, nalisema kila mwaka na kila mwaka linasahaulika. DNA ya mitokondria ya panya hao wawili ni karibu ileile. Mwaka 1982 Ferris, Sage na Wilson walionyesha kwamba koo za kawaida za maabara zimetokana na jike mmoja. Jike mmoja! Udhaifu wa BALB/c mbele ya mionzi unatokana kwa sehemu na jeni ya Prkdc, inayosaidia kuunga DNA iliyokatika. Kwao jeni hiyo haifanyi kazi sawasawa. Nayo imo ndani ya kiini cha seli, si kwenye mitokondria, hutoka kwa baba na kwa mama.

Mtaniuliza: tufanyeje basi? Chukueni jike wa NZB, ukoo mwingine wa panya wa maabara. DNA ya mitokondria yake inapishana na ya C57BL/6 kwa herufi takriban 90, kati ya 16,300 hivi. Mkutanisheni na dume mweusi wa C57BL/6. Binti yake, dume mweusi. Mjukuu, dume mweusi. Vizazi 10. Kila kizazi urithi wa kiini uliotoka kwa yule bibi hupungua nusu, hadi kubaki wastani wa sehemu moja kwa 1,024. Mitokondria ni ya bibi vilevile. Kisha siku wanapozaliwa, wahamishieni kwa mama wa kunyonyesha wa ukoo mmoja, hawa na wa kulinganishwa nao.

"Hiyo ni miaka miwili, mwalimu." Ndiyo, na pengine zaidi. Kama hamna miaka miwili, msiitaje mitokondria kwenye kichwa cha makala.

Naonyeshwa saa. Haraka basi. DNA ya mitokondria ina jeni 37, na 13 tu ndizo za protini. Protini nyingine zaidi ya 1,000 za humo zinatoka kwenye kiini. Kwa hiyo SOD2, kimeng'enya kinachozima superoksaidi, aina ya oksijeni kali, ndani ya mitokondria, hakirithiwi kuukeni pekee. Suala la dozi, uboho na utumbo tuliache kwa maswali. La mwisho: panya wa C57BL/6 wana matawi, J na N. Jeni ya Nnt husaidia mitokondria kujikinga na oksijeni kali; kwa C57BL/6J imeharibika, C57BL/6N wanayo nzima. Andikeni hiyo J au N kwenye kadi.