Mtego wa nondo wa pamba: chambo hakishikwi kwa vidole!

Haya karibuni. Nipo Mbagala, na msinicheke, hapa hakuna pamba hata mche mmoja. Ila wengi mnakaa Dar, shamba lipo Meatu au Maswa, mnasimamia kwa simu. Mtumie kijana wako video hii.

Leo tunatega nondo wa funza wa pinki, yule mdudu anayekula mbegu ndani ya vitumba, yaani matunda ya pamba. Kiboksi kinakunjwa kama paa la nyumba, rahisi. Karatasi ya gundi chini, gundi itazame juu... aa, shati limenasa! Mafuta ya kula kidogo, linabanduka. Tuendelee.

Sasa chambo, haka kampira kenye harufu ya nondo jike, inayowaita madume. Usikashike kwa vidole! Tumia kibano au glavu mpya. Kama ulishika chambo cha funza wa vitumba, ambaye ni mdudu mwingine, harufu yake inahamia humu, utahesabu nondo wasio wako. Narudia: kibano. Na pakiti yake usiitupe shambani, nondo watazunguka takataka wauache mtego.

Tundika juu kidogo ya ncha za pamba, pandisha inavyokua. Miwili kwa eka, tangu matumba ya maua yanapoanza. Chambo badilisha kila wiki nne. Vya akiba weka friza; safarini tia kwenye deli lenye barafu, si kwenye buti la basi.

Hesabu kila asubuhi, andika kwenye grupu la kijiji, kisha banua waliokufa. Mtego ukinasa nondo 8 kwa usiku, siku tatu mfululizo, chuma vitumba vibichi 20 huku na huku, pasua. Sogeza kamera, picha hii hapa... hapana, jua linapiga kioo. Haya, sasa. Kitumba nje kizima kabisa, tundu halionekani. Ndani funza, kichwa cha kahawia, kajichimbia kwenye mbegu.

Viwili vikiwa na funza hai, wote mnapulizia siku zilezile. Dawa haimfikii aliyeko ndani, inamuwahi anayeanguliwa. Ukipulizia peke yako, nondo wa jirani wanahamia kwako usiku huohuo.

Mkimaliza kuvuna, ng'oeni mabua mchome, kijiji kizima. Funza analala kwenye vitumba vilivyobaki akingoja msimu. Robo eka ya mtu mmoja mvivu inatosha kuwarudishia funza wote.

Mitego ipo dukani Kariakoo. Ila usije kununua miwili yako tu. Njoo na orodha ya majirani, bei ya jumla tutaelewana.