Carne de espeto: mshikaki mrefu wa sikukuu ya Wamadeira

Haya karibuni, karibuni. Leo tunachoma carne de espeto, nyama ya sikukuu ya Wareno wa huku kwetu New Bedford, Massachusetts. Ni mji wa wavuvi huu. Kila wikiendi ya kwanza ya Agosti, Alhamisi mpaka Jumapili, tuna Sikukuu ya Sakramenti Takatifu. Waliianzisha wahamiaji wanne kutoka Madeira, kisiwa cha Ureno, mwaka 1915, na Wamadeira wenyewe husimulia kwamba ilikuwa shukrani ya kuvuka bahari salama. Mimi mzaliwa wa Tanga, mjukuu wa mvuvi. Shukrani ya namna hiyo naijua tangu utotoni.

Nyama: steki isiyo na mfupa, yenye mafuta kidogo. Kata mapande makubwa, upana wa vidole vitatu. Zangu nimeshakata, hizi hapa mezani. Na hilo neno meza tulilipata kwa Wareno haohao, wao husema mesa.

Viungo ni kitunguu saumu kilichopondwa na bei lifu, yale majani makavu ya kwenye pilau, yavunjevunje. Changanya, acha saa mbili. Tangawizi na papai bichi rudisha kabatini! Mishkaki yetu ya jioni naipenda mno, ila hii inataka usikie nyama, moshi na hilo jani. Kisiwani kwao huchomea vijiti vya mti wenyewe wa jani hilo. Huku tunatumia vyuma. Chumvi ya mawe utanyunyiza wakati wa kupeleka motoni.

Sasa sogeeni, hapa ndipo penyewe. Chuma kipite KATIKATI ya pande. Katikati kabisa. Mwaka wangu wa kwanza kwenye uwanja wa sikukuu nilipitisha pembeni. Nikageuza, chuma kikazunguka, nyama ikabaki palepale: chini imeungua, juu damu tupu. Mzee mmoja wa Kimadeira aliyesimama ubavuni pangu akauchukua mshikaki wangu bila neno, akachomoa zote, akapanga upya, akanirudishia. Kwa hiyo angalia kidole changu: katikati, sukuma, zibanane. Na chuma kiwe bapa, cha mviringo kitakusumbua.

Chumvi. Motoni. Mkaa uwe umeshika majivu meupe, usiwe na ndimi za moto.

Uwanjani unauziwa nyama mbichi kwa ratli, unatunga mwenyewe, unachoma mwenyewe. Jiko ni moja, refu, la mkaa, watu wamesimama bega kwa bega, na vyuma ni virefu kuliko mkono wangu ili usiungue. Hakuna wa kukuletea sahani. Unamwomba jirani asogee kidogo, anakuuliza umetokea wapi, mpaka nyama ive mmeshajuana. Mimi rafiki zangu wa kwanza mji huu niliwapata mbele ya jiko lile, na...

Ngoja, ngoja. Moshi umeigeukia kamera. Nahamia huku. Mnaona sasa? Hili pande la mwisho linazunguka! Nimegeuza chuma, lenyewe limegoma. Halikupita katikati. Natoa motoni, nalichomoa, narudia. Usiseme litaiva hivyohivyo, haliivi. Katikati, zibanane. Haya, rudisha.

Geuza kila baada ya dakika mbili tatu. Mimi naitoa ndani ikiwa bado ina wekundu kidogo. Mama mkwe wangu anaitaka kavu kabisa, basi wake namwachia mwisho wa jiko.

Ikiiva, gonga chuma ukingoni mwa jiko, chumvi iliyozidi idondoke. Gonga tena. Chukua mkate, upasue, ushike nao nyama kama unashika kwa leso, halafu vuta chuma kitoke. Mchuzi wote unaingia kwenye mkate. Wa kwanza mpe aliye karibu nawe, kisha tunga mwingine.