Jinsi ya Kupima Masafa ya Kweli ya Nissan Leaf Kabla Hujailipia

Hamjambo watazamaji, karibuni. Leo niko kwenye yadi ya magari hapa Nairobi, na gari lililo mbele yangu ni gari la umeme, Nissan Leaf ya mwaka 2011, betri ya kilowati-saa 24. Lilitumika Japani, likaja likatumika hapa. Muuzaji anasema likijaa chaji linakwenda kilomita 200. Hajaibuni namba hiyo. Ndiyo iliyotangazwa Japani gari likiwa jipya, kwa kipimo cha huko cha wakati ule, ambacho kilikuwa cha upole mno. Marekani walipolipima, nalo likiwa jipya, walipata kilomita 117. Sasa betri imezeeka. Tupime wenyewe.

Hatua ya kwanza, washa gari utazame dashibodi upande wa kulia. Nasogeza kamera. Mnaona safu mbili? Vipande virefu vya ndani ni chaji iliyopo, hivyo hupanda na kushuka kila siku. Achana navyo. Vile vidogo vya pembeni ndivyo vinavyoonyesha uwezo uliobaki kwenye betri. Gari jipya huwa navyo 12. Hapa nahesabu 9. Kama maandishi ni ya Kijapani usihangaike, vipande havina lugha.

Usiseme kwamba imepotea robo tu. Kipande cha kwanza hakizimiki mpaka betri ipoteze kama asilimia 15. Vinavyofuata huondoka kila inapopotea asilimia 6 na ushei. Vipande 9 maana yake imebaki kama asilimia 70.

Hatua ya pili, inama chini ya usukani. Soketi hii ndiyo fundi anayochomeka mashine ya kusoma hitilafu. Chomeka kifaa kidogo cha Bluetooth, ufungue programu ya LeafSpy kwenye simu. Herufi SOH ni afya ya betri kwa asilimia. Kisha nenda kwenye ukurasa wenye mistari mingi iliyosimama: ni jozi 96 za seli. Zikilingana kama meno ya kitana, vizuri. Mstari mmoja ukiwa mfupi kuliko wenzake, hasa chaji ikiwa imeshuka, liache gari hilo. Seli moja dhaifu hulifanya gari lipunguze nguvu hata kama nyingine zote bado zina chaji.

Lakini kompyuta ya betri inaweza kufutwa kumbukumbu, vipande vyote 12 vikarudi. Leaf yangu ya kwanza ilikuwa navyo 12 siku ninalipa. Baada ya miezi michache vikawa 8. Pesa ile niliiweka kwa miaka mitatu. Ndiyo maana hatua ya tatu siiruki kamwe.

Endesha. Andika asilimia ya chaji, rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri, nenda kilomita 30 kwa mwendo wako wa kila siku. Mimi nimerudi sasa hivi: chaji ilikuwa 92, sasa 58. Kilomita 30 zimekula asilimia 34. Gawa 30 kwa 34, zidisha kwa 100, unapata 88. Weka akiba ya asilimia 15, zinabaki kilomita 75. Hiyo ndiyo namba ya kujadiliana na muuzaji.

Kwa mtu wa mizunguko ya mjini, kilomita 75 zinatosha. Anayetoka Thika kila asubuhi na kurudi jioni hazimtoshi, labda awe na pa kuchajia kazini. Na ukipanda Limuru, kuliinua gari na abiria mita kama 500 kunakula zaidi ya kilowati-saa 2 peke yake. Ukishuka unarudishiwa sehemu, si yote.

Ukiwa na pesa ya gari jipya zaidi, uliza betri ni ya kemia gani. Za nikeli, manganizi na kobalti, ile kobalti inayochimbwa kwa wingi Kolwezi kule Kongo, hubeba umeme mwingi kwa uzito mdogo. Za chuma na fosfeti, LFP, kama zile za kampuni ya BYD ya China, ni nzito zaidi ila huvumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi. Kwa barabara zetu na joto letu, mimi ningechukua LFP. Hizo zijaze hadi 100 mara kwa mara, ili kompyuta isipoteze hesabu.

Leaf za zamani kama hii ni kinyume chake. Betri yake haina mfumo wa kupoozwa kwa maji, na mwaka 2012 wenye nazo kule Phoenix, Arizona, walianza kuona vipande vikizimika mapema kwa sababu ya joto. Kwa hiyo ukiipeleka Mombasa, usiiache juani mchana kutwa ikiwa imejaa. Ichaji usiku, ikifika asilimia 80 chomoa.